Kufunga Ulichofungua

Siku ya kwanza Mwalimu Kadzo hakuwasha kompyuta.
Alichora ubaoni mabano yenye pembe,
kama midomo ya ndege wawili waliogombana,
akasema: ukifungua kitu humu na usikifunge,
ukurasa mzima utakwenda mrama.

Nikacheka moyoni.
Miaka kumi na tisa nashona kofia, mimi.
Vitundu nilivyovifungua na kuvizungushia uzi,
idadi yake anaijua Mola.

Tulikuwa kumi na mmoja, chumba cha juu, Langoni,
feni moja, kompyuta sita,
nyaya zimetatizana chini kama tambi za Idi.
Shekuwe, karani wa ghala la gesi.
Lali, fundi wa simu, aliyejibu kila swali kabla halijaisha.
Na mimi Mwanajaa, miaka arubaini na miwili,
buibui limenasa kwenye kiti chenye vigurudumu.
Kijana mmoja akaniita bibi.
Nikamwambia, bibi yako yuko nyumbani,
hapa sogea, tunagawana kibodi.

Wiki ya tatu, rangi.
Kumbe rangi huandikwa:
alama ya reli (reli yenyewe kisiwani hatuna),
kisha herufi na tarakimu, sita.
Wenzangu walichukua nyekundu, wakachukua buluu, wakaenda zao.
Mimi nilikaa hadi adhana ya magharibi
natafuta uzi wangu wa kahawia,
ule niuitao kahawa ya pili, iliyochemshwa tena kwa wageni waliochelewa.
8a5a3c.
Niliiandika kiganjani kwa kalamu, nikaenda nayo nyumbani.

Wiki ya sita ukurasa wangu uligoma.
Weupe mtupu.
Lali akapita, akapiga chafya, akasema anzisha upya.
Umeme nao ukaona hapo ndipo pa kukatika.
Basi nikanakili mistari yote kwenye daftari,
na usiku, kwa taa ya simu,
nikaipitia kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja,
kama ninavyokagua kofia kabla Famau hajaja kuichukua
kwa bei anayoitaka yeye.
Mstari wa arubaini na moja:
nukta-mkato haipo.
Kidoa kile! Chawa ana umbo kubwa zaidi.
Nililala kama mtu aliyelipwa deni.

Kazi ya mwisho, kila mtu na tovuti yake.
Yangu ina kofia saba, bei zake,
na jina langu chini, kwa mara ya kwanza,
maana kofia haina mahali pa kutia sahihi.
Mwalimu akatazama, akanikata alama mbili.
Picha zako ni bubu, alisema.
Kila picha iandikie maneno, kwa ajili ya asiyeona.

Asiyeona.
Sikumwambia kitu. Nilitazama feni.

Usiku ule nikakaa ubavuni mwa mama,
ambaye macho yake yaliishia kwenye kofia za watu,
nikaiwekea simu isome.
Sauti ikatoka, ya kigeni, inajikwaa kila silabi:
ko-fia nyeupe, u-zi wa kaha-wia, sa-fu ishirini na mbili.

Mama akainua kichwa.
"Ni nani huyo, anena kana kwamba ana tambuu kanwani?"
Ni ukurasa wangu, mama.
"Na kofia ni ipi?"
Ile yako. Ya mwisho.
Akanyosha mkono. Nikampa.
Kidole gumba kikatembea, kikahesabu,
kikarudi kilikoanzia, kikahesabu tena.
Simu imezima kioo chake. Nje punda analalamika.

"Mwambie amekosea," akasema.
"Ni ishirini na tatu. Ongeza moya."

Nikafungua faili.
Nikaongeza moja.
Nikafunga.